Vidonge vya Vitamini Kambini

Imekuwa desturi katika kambi kadha wa kadha kwamba zinapokaribia siku za mazoezi makali, kopo la vidonge vya vitamini hupitishwa mkono kwa mkono kama ugoro. Mmoja humeza kimoja, mwingine vitatu, na mwenye haraka ya kupata nguvu humeza sita. Askari huyo huyo asingekubali kutia katika bunduki yake risasi asiyoijua asili yake.

Hatusemi kwamba vitamini ni sumu. Majeshi yamejifunza thamani yake kwa mauti. Katika safari ya manowari Ryujo ya Japani, mwaka 1882 hadi 1883, mabaharia 169 kati ya 376 walishikwa na beriberi, na 25 wakafa, kwa kuwa chakula chao kilikuwa hasa mchele mweupe. Mwaka 1884 daktari Takaki Kanehiro aliipeleka manowari Tsukuba kwa njia ile ile, nyama na maziwa vikiwa vimeongezwa, na beriberi haikuua hata mtu mmoja. Dawa hiyo, na ifahamike, ilitoka jikoni.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kidonge kimoja cha mchanganyiko kwa siku, kwa majuma machache, aghalabu hakidhuru. Mkojo ukigeuka manjano kabisa asitaharuki. Hiyo ni B2 inayotoka. Akizidisha C kupita miligramu 2,000 kwa siku, huenda akaharisha, na askari anayeharisha katikati ya doria ni mzigo kwa wenzake. Niasini nyingi huufanya uso na shingo kuwaka na kuwasha kwa ghafula, hata mtu akadhani amelishwa sumu.

Vitamini A ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana haitoki upesi kwa mkojo bali hujilimbikiza katika ini. Askari wa kike mwenye mimba anayemeza zaidi ya maikrogramu 3,000 za vitamini hiyo kila siku humhatarisha mtoto aliye tumboni kuzaliwa na kilema. Tena, mama huyo akiwa anapewa vidonge vya kuzuia malaria vya sulfadoksini na pirimethamini, asijiongezee asidi ya foliki kwa kipimo kikubwa, kwani miligramu 5 kwa siku huipunguzia dawa hiyo nguvu. Na vidonge vyenye madini ya chuma visiachwe juu ya meza katika nyumba za askari: mtoto mdogo akila kadhaa akidhani ni peremende, aweza kufa.

Je, nguvu zinapatikana? Kwa aliyeshiba chakula kizuri, hapana. Majaribio yaliyofanywa kwa wakimbiaji wa masafa marefu, na kwa askari waliokuwa mazoezini katika baridi kali, yalionyesha kwamba C iliyotumiwa kila siku ilipunguza mafua yao kwa kadiri ya nusu. Faida hiyo ni ya kweli, lakini ni ya mafua.

Wakuu wa vikosi nao wanahusika. Askari anayetoa mshahara wake kununua kopo la vidonge anatoa taarifa juu ya sufuria ya mesi. Posho na maharage juma zima, bila mchicha wala chungwa, ilhali nyuma ya kambi kuna ardhi iliyoota magugu na watu wenye majembe: hilo halihitaji daktari kulichunguza. Linahitaji amri ya asubuhi moja.