"Quite good" ilivyokula kodi yangu ya Novemba

Mwaka juzi nilipata kazi ya kumwandikia Mwingereza mmoja makala za tovuti yake ya kilimo cha bustani. Makala kumi, malipo kwa kila moja. Kwa hesabu zangu, kodi ya keja ya Novemba ilikuwa imepatikana. Nikatuma makala ya kwanza, naye akajibu: "This is quite good. You might want to have another look at the second section."

Msee, nilifurahi! Kiingereza changu nimekilia kwenye filamu za Marekani, na huko "quite good" ni sifa tamu. Hiyo "you might want" nayo nikaielewa hivi: ukipenda, angalia tena. Sikupenda. Nikaanza makala ya pili. Baada ya siku nne akaandika, "I'm not sure this is going to work out." Nikamjibu kwa moyo mkunjufu kwamba asijali, itawork tu. Hadi leo sijasikia kutoka kwake.

Ilibidi beshte yangu aliyesomea Uingereza anitafsirie. Sentensi ya kwanza: kazi ni ya wastani. Ya pili: rekebisha hiyo sehemu. Ya tatu: tumeachana. Yaani nilipigwa kalamu kwa heshima mpaka nikampa pole aliyenifuta. Keateka wa ploti yetu hana mambo ya "might". Yeye alisema "kodi leo" na nikaelewa mara moja.

Kiingereza kina jina la maneno haya: "hedges". Hedge ni ua, kama zile nyua za kayaba unazoziona mtaani. Mwanaisimu Mmarekani George Lakoff aliandika kuyahusu mwaka 1972. Kilichomvutia ni jinsi neno dogo linavyoweza kulipa jambo ukungu au kuliondolea ukungu. Kumbuka pia kwamba ua una pande mbili. Anayesema "I think", "perhaps" au "a bit" anaweza kuwa anakukinga wewe usiumie, au anajikinga yeye usije ukamshika kwa maneno yake.

Usidhani ni sisi tu tunaopotea hapo. Aprili 1951, kwenye vita vya Korea, wanajeshi wa Uingereza wa kikosi cha Gloucestershire walibanwa karibu na mto Imjin na Wachina waliowazidi mbali kwa idadi. Kinasimuliwa kisa kwamba brigedia wao, Tom Brodie, alimwambia jenerali wa Marekani kuwa hali ni "a bit sticky". Mwingereza angesikia hapo kwamba tunaangamia. Mmarekani alisikia kwamba mambo ni magumu kidogo lakini vijana wanajikaza. Mamia ya wanajeshi hao waliishia kutekwa. Hao wawili walizaliwa wakiongea Kiingereza, sembuse wewe na mimi.

Sasa rudi hapa Nairobi, utoe simu uangalie matangazo ya kazi. "Earn up to 60,000 a month." Hiyo "up to" imeweka dari, sakafu haijawekwa. Ukipata elfu mbili, tangazo halijadanganya. Ukipata sufuri pia. Au mkataba unaosema "the company may review your salary after six months". Katika mikataba, "shall" ni wajibu na "may" ni hiari. Miezi sita ikiisha na mshahara uko palepale, huna pa kulilia. Uliweka sahihi mwenyewe. Na ukitoka intavyu ukaambiwa "we'll keep your details on file", usikae kando ya simu. Endelea kutuma maombi.

Lakini si kila ua umefunika uongo. Daktari akisema dawa "may cause drowsiness", anasema ukweli: wengine husinzia, wengine hapana. Huyo angeapa kwamba hutasinzia ndiye ningemwogopa.

Kinachoniudhi ni kwamba shuleni tulifundishwa "may I go out" kama adabu ya kwenda choo, basi. Miaka yote hiyo ya insha na sarufi, na sikumbuki mwalimu aliyetuambia kwamba bosi akisema "when you have a moment" anamaanisha sasa hivi. Na si kwamba hatuna akili ya kushika haya mambo. Mtu akikuambia "niko hapo Allsopps" unajua yuko bafuni. Ukimwomba mjomba karo akasema "tutaona", umeshaona. Maneno ya kwetu tunayasikia kwa tumbo. Ya wenzetu tunayafungulia kamusi, na kamusi haina tumbo.

Siku hizi nauliza. Mteja akiniletea "might" au "perhaps", namwandikia sentensi moja: "Do you need me to change this before you pay?" Mwanzoni niliona aibu, nikidhani nitaonekana mshamba. Hakuna hata mmoja aliyekasirika. Wiki jana mwingine wa huko huko Uingereza aliniandikia "not bad at all", nikajiandaa kufutwa. Nikamuuliza nibadilishe wapi.

Akanijibu kwamba alikuwa ananisifu.