Bei ya Uzazi Ukambani

Kila linapozuka jambo la kutoa mimba katika nchi yetu, watu hugawanyika pande mbili na kila upande hupandisha sauti. Hawa husema wenye zahanati hizo ni wauaji, na wafungwe. Wale husema mwanamke ana haki juu ya mwili wake, na aachwe. Baina ya makelele hayo hubaki swali moja ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, nalo huulizwa kwa sauti ndogo: mwanamke asiyekuwa na fedha atatibiwa wapi, na kwa shilingi ngapi?

Nimependa leo kulitazama swali hili kwa kupitia Kitui na Makueni. Huenda msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi akauliza, ya Ukambani yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Misafara ya pembe ya Wakamba ilikuwa ikiteremka mpaka Rabai na Mombasa tangu zama za Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Kitui. Na hata leo asafiriye kwenda Nairobi hupita Makindu na Emali, akapita na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Unguja. Hao ni majirani wa zamani, na walilolijaribu wao laweza kutufunza sisi.

Kwanza tuitazame sheria. Katiba tuliyoipigia kura tarehe 4 Agosti 2010 ilipingwa na makanisa mengi kwa mambo mawili waliyoyatia katika kapu moja: Mahakama za Kadhi na kifungu cha 26. Huku Pwani habari ya Kadhi ndiyo iliyotawala barazani, na kile kifungu kikasomwa na wachache. Chasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, ila ikiwa kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Walakin Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza nayo ingalipo: atoaye mimba ya mwingine yaweza kumpata miaka 14, mwanamke mwenyewe 7, na mwenye kutoa dawa au chombo 3. Basi tabibu wa kijijini husimama baina ya maandishi mawili, akawa haogopi ugonjwa bali polisi.

Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2019 huko Ganze, Kilifi, msichana wa shule aliyekuwa akiumwa kwa mimba iliyoharibika alikamatwa pamoja na tabibu aliyemhudumia, wakashitakiwa. Mahakama Kuu ya Malindi iliyafuta mashtaka hayo mwezi Machi 2022. Hukumu hukatiwa rufani, hupinduka na husimama, na hayo ni ya mawakili. Mimi naangalia la mtaani: mwanamke aliyesikia habari ya kukamatwa ana khabari gani ya kufutwa? Atakapovuja damu usiku atajifungia chumbani.

Na wanaovuja damu si kidogo. Uchunguzi uliofanywa pamoja na Wizara ya Afya ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 mimba karibu 465,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 wakatibiwa hospitalini kwa madhara yake. Uchunguzi mwingine uliotangazwa mwaka 2025 ulikuta hesabu imepanda mpaka karibu 792,000 kwa mwaka. Yaani vifungo vilikuwapo miaka yote hiyo, na hesabu ikazidi. Mwenye kutaka ipungue, na mimi ni mmoja wao, hana budi kutafuta njia nyingine mbali na pingu.

Najua msomaji wangu ataniuliza, na dini je? Taib. Wengi wetu ni Mashafii, na Imamu Ghazali alikataza kuiharibu mimba tangu mwanzo wake, akasema dhambi huzidi uzito kila mimba inavyokua. Wako wanazuoni wa madhehebu hayo hayo waliotoa nafasi kwa mwenye udhuru kabla ya siku 120, kabla roho haijapulizwa. Baada ya hapo mlango umefungwa, ila kwa kuokoa maisha ya mama. Ndivyo lilivyoamua pia Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka mwaka 1990. Kwa hivyo sisemi kwamba haramu imekuwa halali. Nasema kwamba sheria hiyo hiyo inayoilinda mimba imeuweka mbele uhai wa mama. Na uhai wa mama kijijini haulindwi kwa fat'wa peke yake, hulindwa kwa dawa, damu, mkunga, na gari la wagonjwa.

Hapa ndipo inapoingia bei. Wenye umri wangu wanakumbuka mwezi Desemba 1989, serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini kwa jina la kuchangia gharama. Mwaka 2004 Bibi Charity Ngilu, Waziri wa Afya wakati ule, aliishusha ada ya zahanati kuwa shilingi 10 na ya vituo vya afya kuwa 20. Mwezi Juni 2013 serikali ikatangaza uzazi bure katika hospitali zake. Kisha kaunti zikajitegemea. Mwaka 2016 Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ilianza mpango wa kila nyumba kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila ya kutoa senti mlangoni. Mjini Wote ikajengwa hospitali ya mama na mtoto. Mwaka 2018 Bibi Ngilu, sasa gavana wa Kitui, akaanzisha mpango wake, shilingi 1,000 kwa nyumba.

Shilingi 500 hazilipii hata upasuaji mmoja. Uzito ulibebwa na hazina ya kaunti. Faida ya zile 500 ni kwamba zililipwa mtu akiwa mzima, na siku ya maradhi hapakuwa na kuuza mbuzi kwanza. Katika Kitui, kaunti ya kilomita za mraba 30,000 na zaidi, saa moja ya kutafuta fedha ndiyo saa ya mtu kufa.

Magavana wote wawili waliondoka mwaka 2022, na mwezi Oktoba 2024 ikaja bima mpya ya taifa, SHA. Asiye na mshahara hutozwa kwa uchache shilingi 300 kwa mwezi, nazo ni 3,600 kwa mwaka, na alitakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Zipime na zile 500. Ni kweli kwamba zahanati na vituo vya afya vimewekwa bure, lakini anayevuja damu aghalabu huhitaji hospitali kubwa, na huko ndiko bima huulizwa. Fauka ya hayo, mwaka 2025 Marekani ilirudisha ile amri ya mwaka 1984 ya kuzinyima fedha jumuiya za nje zinazojishughulisha na kutoa mimba, ikalivunja na shirika lake la misaada. Dawa za kupanga uzazi zinapopungua, mimba zisizotakiwa huzidi, na hiyo ndiyo mimba iendayo vichochoroni.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi twaona haya kulitaja jambo hili, na haya yetu inalipiwa na binti zetu. Maimamu waendelee kukataza, hiyo ni kazi yao. Walakin kila khutba ya kukataza ifuatwe na swali kwa wajumbe wetu wa kaunti, kuanzia Kwale mpaka Lamu: bajeti ya mwaka huu imemwekea mama mzazi kiasi gani? Makueni, nchi ya ukame isiyokuwa na bandari, iliweza kwa shilingi 500. Sisi wenye bandari tuna udhuru gani?

Wallahu aalam.