Motokaa Kongwe Ugenini: Ni Nani Ahesabuye Umri Wake?

Mtu wa kwetu akitaka kujua umri wa motokaa, husikiliza injini yake. Karatasi zake huja baadaye. Fikira hiyo tumeirithi kwenye jahazi. Jahazi halizeeki maadamu lina nahodha mwenye kulihurumia. Hupandishwa pwani, ubao uliooza hung'olewa ukatiwa mwingine, viungo hutiwa kalafati, deheni hupakwa chini na sifa juu, kisha likarudi majini kama lililozaliwa jana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vikiendelea kuelea, jua vimetunzwa.

Basi mtu huyo anapohamia Uingereza, akajinunulia gari la miaka kumi na tano ili apate kwenda kazini, hudhani kwamba akilitunza litamtunza. Si muda hutambua kwamba kule umri wa gari una mahesabu matatu: la mkaguzi, la fundi na la mji. Mwenye gari hana kauli katika hata moja.

Tuanze na mkaguzi. Gari la mtu binafsi likishatimiza miaka 3 hupimwa kila mwaka. Ukaguzi huo huitwa MOT, herufi za jina la zamani la Wizara ya Uchukuzi. Ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyopita miaka 10, na mwaka 1967 ukashushwa hadi miaka 3. Hutazamwa breki, taa, usukani, moshi, na tairi ambazo mifuo yake haiwi chini ya milimita 1.6. Anayeendesha gari lisilo na cheti hicho aweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Hesabu hii ina uadilifu, kwani haiulizi gari lilizaliwa lini bali liko vipi. Adui mkubwa wa gari kuukuu mbele ya mkaguzi ni yule yule tumjuaye sisi wa pwani: kutu. Huku chumvi huletwa na upepo wa bahari. Kule humwagwa barabarani na serikali yenyewe wakati wa baridi, ili barafu isigande. Chumvi ile hurukia tumbo la gari na kulila kimya kimya. Mwenye busara huosha chini ya gari lake baridi inapokwisha, kabla kutu haijafika kwenye vyuma vinavyobeba uzito, maana huko ikifika cheti hakitoki. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Hesabu ya pili ni ya fundi. Kule mkono wa fundi huuzwa kwa saa, na juu ya bei hiyo huongezwa kodi ya asilimia 20. Kwa hiyo gari huweza kufa na injini yake ingali nzima, kwa sababu tu saa za kulitengeneza zimepita thamani yake sokoni. Fundi wetu wa jua kali atalifungua gia boksi, akatafuta kipuri kilichotumika kwa mwingine, akakichonga kikaingia. Kule hesabu ikishapigwa, gari hupelekwa kuvunjwa.

Wala tusidhani kwamba Waingereza hawakupata kuwa na mikono. John Haynes alitoa mwaka 1966 kitabu cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vya kumwongoza mwenye gari, vilivyotungwa kwa kulifungua gari zima na kulifunga tena. Kwa miaka mingi baba wa nyumba alilala chini ya gari lake siku ya Jumapili, kitabu kimefunguka ubavuni. Magari ya sasa yamejaa kompyuta, na bila mashine ya kuisomea hitilafu hata bingwa hubaki akikisia. Mgeni aliyefika na ujuzi wa spana na sikio hukuta umepungua thamani.

Hesabu ya tatu, na ndiyo chungu zaidi, ni ya mji. Mwezi wa Aprili 2019 London ilianzisha katikati ya mji eneo la kupunguza moshi, liitwalo ULEZ, na tarehe 29 Agosti 2023 likatandazwa hadi mitaa yote ya mji huo. Gari lisilofikia kipimo hulipa pauni 12 na nusu kwa siku. Gari la petroli lililosajiliwa tangu mwaka 2006 kwa kawaida hupita. La dizeli halipiti mpaka liwe la Septemba 2015 au baadaye.

Siku yenyewe huhesabiwa tangu saa sita ya usiku hadi saa sita ya usiku. Tazama basi mambo yanavyomwendea mfanyakazi wa hospitali wa zamu ya usiku, mwenye dizeli ya mwaka 2012. Anatoka kwake saa mbili usiku, anarudi alfajiri. Kazi ni moja, lakini siku ni mbili: pauni 25. Akifanya zamu nne mfululizo atalipia siku tano, yaani pauni 62 na nusu. Si mwenye jumba aendeshaye gari jipya anayeumia hapa. Ni yule anayewauguza na kuwaogesha wazee wa watu mabasi yakiwa yamekwisha pungua.

Lakini haki ina pande mbili, na upande wa pili una kaburi la mtoto. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mwenye miaka 9, aliishi Lewisham, karibu na barabara ya South Circular yenye magari mengi. Alifariki kwa pumu mwezi wa Februari 2013. Mwezi wa Disemba 2020 afisa anayechunguza sababu za vifo alitamka kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo hicho. Baada ya hukumu ile hapana awezaye kusema kwamba moshi ni jambo dogo. Na wanaoishi kando ya barabara kama hizo wengi wao ni hao hao wenye kipato kidogo.

Kwa hivyo swali si kama moshi ukomeshwe, bali ni nani alipie kuukomesha. Kuanzia mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya magari kwa kupima hewa ya kaboni, na dizeli, ambayo hutoa kidogo ya hewa hiyo, ikapata unafuu. Watu wakaitikia wito. Magari yale yakauzwa na wenyewe wa kwanza, yakashuka mikono hadi mikono, na siku ya kuja kudaiwa yakawa mikononi mwa mnunuzi wa mwisho, ambaye mara nyingi ni mgeni. Mji ulitoa msaada wa hadi pauni 2,000 kwa mwenye kuliacha gari lake, na mlango huo ulifungwa mwaka 2024. Kinaya ni kwamba gari lililotimiza miaka 40, lisilobadilishwa sana wala kutumika kwa biashara, husamehewa ushuru wa barabara, ukaguzi wa kila mwaka na hata ada ile. Wa miaka kumi na minne ni mkosaji. Wa arobaini ni mzee wa heshima.

Wengine husema, basi tuyalete nyumbani, maana usukani ni wa upande mmoja. Hilo nalo lina kizuizi. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, na dizeli iliyokataliwa London imekwisha pita hapo. Imefukuzwa kule, na huku haina mwenyeji.

Kwa ndugu zetu walioko huko, ushauri ni mfupi. Kabla ya kununua, itazame nambari ya gari katika kumbukumbu za serikali, ambazo huonyesha bure maili zake na kasoro zilizoonekana katika kila ukaguzi. Ukiwa London, petroli ya mwaka 2007 iliyotunzwa yaweza kukufaa kuliko dizeli ya mwaka 2014 ing'aayo. Badilisha mafuta ya injini kwa wakati, na kila risiti iweke.

Ama wenye kutunga sheria, wa huko na wa kwetu, wangefanya vyema kujifunza kwa mkaguzi anayeinama kutazama chini ya gari. Yeye hupima hali ya kitu kilivyo. Sheria ya moshi nayo ingemtazama anayeendesha: anakwenda wapi usiku ule, na njia gani nyingine amewekewa ya kufika.