Safu moja inayotudanganya: mjini au kijijini?

Ukifungua faili za KDHS, ule utafiti wa afya na idadi ya watu hapa Kenya, utakuta safu inayoitwa V025. 1 ni mjini, 2 ni kijijini. Basi. Hakuna 3.

Sasa chuja Nairobi peke yake. Kila mstari ni 1. Mtoto wa Buruburu, 1. Mtoto wa Korogocho, 1. Sisi tunaoandika programu tunajua kwamba safu yenye thamani moja tu haina habari yoyote. Ifute, hakuna kitakachobadilika.

Ingekuwa ni kompyuta tu nisingelalamika. Lakini mwaka 2000 watafiti wa APHRC walizunguka mitaa ya mabanda ya Nairobi wakihesabu vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano. Walipata 151 kwa kila watoto 1,000. KDHS ya 1998 ilikuwa imepata 113 vijijini na 62 kwa Nairobi nzima. Soma tena hizo namba. Mtoto wa mabandani alikuwa hatarini kuliko wa kijijini, ilhali karatasi zilionyesha kwamba wa Nairobi ana bahati. Wastani ulimmeza. Namba hizo ni za zamani, lakini safu ni ile ile.

Kuna watakaosema tuna kipimo kipya. Ni kweli, mwaka 2020 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliidhinisha mfumo wa ngazi tatu: jiji, mji na kijiji, kwa kuhesabu watu katika kila kilomita ya mraba. Ni hatua nzuri, ila jiji linaanzia watu 1,500 kwa kilomita. Eastlands yote inapita hapo bila kutoa jasho. Tumetoka "1" tukaingia "jiji".

Wengine watasema tumia GPS. Haya. Ili kulinda siri za waliohojiwa, nukta za mjini husogezwa hadi kilomita 2. Sababu yake naiheshimu. Lakini toka Korogocho kwa miguu kilomita 2 uone utafika wapi: Kariobangi au Dandora, kwenye maji mengine, vyoo vingine na kodi nyingine ya nyumba.

Maoni yangu ni haya: usihifadhi jibu, hifadhi vipimo. Maji yanatoka wapi? Choo kimoja kinatumiwa na nyumba ngapi? Chumba kimoja kinalaza watu wangapi? Kliniki iko mbali kiasi gani kwa miguu? Baadhi ya hayo KDHS inauliza tayari. Halafu kila mtafiti apange makundi kulingana na swali lake. Anayechunguza kipindupindu aanze na maji na vyoo. Anayechunguza kikohozi cha watoto aanze na umbali kutoka jaa la Dandora.

V025 ibaki, maana inasaidia kulinganisha miaka na nchi. Ila asitokee mtu akagawa dawa na wauguzi kwa kuiangalia hiyo peke yake.

Na jambo la kuchekesha ni kwamba Korogocho yenyewe imegawanywa katika sehemu kama Grogan, Highridge na Ngomongo. Wakazi wanaziitaje? Vijiji.