Afisa mikopo anayekuuliza sana, usimnunie

Wadau, afisa mikopo ni kazi ambayo vijana wengi tunaiomba tukimaliza chuo kwa sababu tu ndiyo inayotangazwa. Tunadhani ni kujaza fomu asubuhi na kufukuzana na wadaiwa jioni. Mimi naona tunaitazama kinyumenyume. Kazi yenyewe iko kabla pesa haijatoka. Ikifanywa vizuri hapo, mbio za jioni zinapungua.

Chukua mfano wa mama lishe anayesema anauza shilingi 80,000 kwa siku. Fomu itaipenda namba hiyo. Lakini mauzo si faida. Toa mchele, maharage, mafuta, mkaa na ujira wa msaidizi, tuseme 65,000. Zinabaki 15,000. Hapo nyumbani hawajala na mtoto hajapata nauli, toa 9,000. Zimebaki 6,000, yaani 36,000 kwa wiki ya siku sita. Ukimpa mkopo wa rejesho la 50,000 kwa wiki, hujamsaidia. Umempangia tarehe ya kuchukuliwa makochi yake.

Kwa hiyo ujuzi wa kwanza ni hesabu, tena hesabu ya jikoni. Wa pili ni macho na masikio: fika kwenye biashara siku ya kawaida, hesabu sahani, ulizia kwa jirani na mjumbe bila kumwaga siri za mtu. Wa tatu ni kujua anadaiwa wapi kwingine. Kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu zinasaidia, lakini deni la kikoba au la shemeji hulikuti humo. Lazima uulize, na uulize kwa namna ambayo mtu hataona aibu kukujibu.

Wa nne ndio mgumu: kusema hapana. Hapana kwa mteja mwenye machozi, na hapana kwa bosi anayetaka idadi ya mikopo itimie kabla mwezi haujaisha. Ukimlipa afisa kwa wingi wa mikopo aliyotoa, umemfundisha kufumba macho.

Mtasema siku hizi simu inakagua yenyewe. Sawa, simu inajua miamala yako. Haijui kwamba una mgonjwa ndani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Anayekupa pesa bila swali hata moja hajakuamini, ila ameshapanga atakavyokubana, pengine kwa kuwapigia ndugu zako wote walio kwenye simu yako. Mtaani mikopo ya aina hiyo tayari ina jina: kausha damu.

Basi afisa akikuhoji nusu saa nzima kuhusu bei ya mchele, mjibu. Na wewe unayeiomba kazi hiyo, jiulize kwanza kama unaweza kumkatalia mtu na bado ukamsalimia kesho yake.