WAPENZI WA RELI, TUJUANE!

Kila mwaka katika kurasa hizi tunasoma juu ya ubaya wa mihadarati, umuhimu wa elimu na vituko vya bwenini ambavyo sisi wa shule ya kutwa hatuvijui. Mambo hayo ni mazuri, siyapingi. Lakini mwaka huu naomba niruhusiwe nizungumzie jambo ambalo sijaliona likiandikwa hapa, nalo ni upenzi wa reli.

Wahenga walisema ndege wa manyoya mamoja huruka pamoja. Je, ndege hao wataruka vipi pamoja ikiwa kila mmoja amejificha kwenye mti wake? Maoni yangu ni haya: nchini mwetu tupo wengi tunaopenda magari ya moshi, ila hatujuani. Na kwa sababu hatujuani, mambo ya thamani yanapotea huku tukiyatazama. Wakati umefika tutafutane.

Huenda ukauliza, mpenzi wa reli ni mtu wa aina gani? Ni yule ambaye akisikia honi huacha kijiko ndani ya sahani akatoka nje. Anajua namba za injini kama vile wewe unavyojua namba za jezi za Arsenal au Gor Mahia. Anataka kujua ni kwa nini reli inapinda mahali fulani, nani aliijenga, na mataruma yake ni ya mbao, ya chuma au ya saruji. Mimi ni mmoja wao. Nyumbani kwetu ni Eastlands, Nairobi, karibu na reli, na gari la abiria la asubuhi ndiyo saa yetu ya ukutani. Likichelewa, nasi tunachelewa!

Kuwa hivyo peke yako si jambo rahisi, hasa ukiwa msichana. Wenzangu darasani huniuliza, "Wee, treni ni za nini? Ama unataka kuwa makanga wa treni?" Mwingine ameniita Thomas, yaani ile treni ya katuni yenye uso. Sikasiriki. Lakini wanaocheka hawajui kwamba hata huyo Thomas ana historia yake. Hadithi zake zilitungwa na kasisi Mwingereza aitwaye W. Awdry, na kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1945. Kasisi huyo alikuwa mpenzi wa reli kindakindaki. Mwaka 1952 alikwenda kujitolea kazi katika reli moja ndogo kule Wales, iitwayo Talyllyn. Kisa cha reli hiyo ndicho kinachonipa nguvu ya kuandika leo.

Reli ya Talyllyn ilianza mwaka 1865 ikibeba mawe ya kuezekea nyumba. Mwaka 1950 mwenyewe alifariki, na kila mtu akajua kwamba mwisho wake umefika. Vyuma vilikuwa vimechakaa na faida hakuna. Basi mwandishi mmoja, L. T. C. Rolt, pamoja na wenzake wakaitisha mkutano mjini Birmingham mwezi wa Oktoba mwaka huo. Waliofika hawakuwa matajiri wala wakubwa wa serikali. Walikuwa watu wa kawaida ambao kila mmoja alikuwa akipenda reli kwake nyumbani. Wakaunda chama, na kufikia Mei 1951 magari yalikuwa yakienda tena chini ya watu wa kujitolea. Hiyo ndiyo reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa njia hiyo, na mpaka leo inabeba abiria.

Tazama vizuri, msomaji mwenzangu. Kitu cha kwanza walichokuwa nacho hakikuwa pesa. Kilikuwa kujuana. Kabla ya siku ile ya Birmingham upenzi wao ulikuwa kama kuni zilizotawanyika. Zilipokusanywa, moto ukawaka.

Sasa tuje nyumbani. Je, sisi tuna kitu cha kukipenda namna hiyo? Tena kikubwa! Reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Nairobi yenyewe, pamoja na maghorofa yake yote, ilianza kama kambi ya reli. Ukipanda njia inayokwenda Uganda utapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, mahali ambapo Julai na Agosti watu huvaa makoti mawili.

Karibu na stesheni ya Nairobi kuna Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo limo behewa ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Alikwenda kumvizia simba, usingizi ukamchukua, simba akaja kumvizia yeye. Humo pia zimo injini mbili za aina ya 59, moja ina jina la Mlima Gelai na nyingine la Mlima Shengena. Injini hizi zilitengenezwa Manchester miaka ya 1955 na 1956. Zilikuwa 34, na zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzishinda nguvu.

Hapo ndipo uhondo wenyewe ulipo. Reli yetu ya zamani ni nyembamba, upana wake mita moja tu, tena ina kona nyingi na inapanda kutoka baharini hadi bara. Injini nzito na ndefu ingewezaje kupinda? Mafundi waliikata mara tatu, kwa namna ya kusema. Tangi kubwa la mvuke liko katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja kivyake, kama nyoka apitaye kwenye majani. Uzito nao ukasambazwa juu ya magurudumu mengi, reli isivunjike. Hii ni fizikia tupu! Mwalimu akieleza juu ya shinikizo ubaoni, mimi naiona Mlima Gelai ikivuta tani 1,200 kutoka Mombasa.

Ninaogopa nini basi? Nitakueleza. Mtaani kwetu palikuwa na mzee aliyeanza kazi siku za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kabla halijavunjika mwaka 1977. Alikuwa msaidizi wa dereva, yule wa kuangalia moto. Mimi nilidhani kazi hiyo ni kurusha makaa kwa sepetu. Yeye alicheka akaniambia, "La, mwanangu. Hizo 59 zilikuwa zinakula mafuta. Ukifungulia mengi, moshi mweusi unakutangaza hadi ofisini. Ukifungulia kidogo, mlimani unasimama." Alikuwa na madaftari yake, ameandika tarehe, namba ya injini na mzigo wa kila safari, kwa Kiswahili safi na hati ya kupendeza. Alipofariki, vitu vyake viliondolewa haraka kwa kuwa chumba kilihitajika. Madaftari yaliuzwa kwa kilo pamoja na magazeti. Baada ya juma moja nilinunua njugu karanga, na karatasi iliyozifunga ilikuwa na hati ile ile.

Simlaumu aliyeuza. Yeye aliona karatasi kuukuu. Hakuwapo mtu wa kumwambia, "Tafadhali mama, hizo tupe sisi." Hao "sisi" ndio ninaowatafuta. Kama pangalikuwa na chama cha wapenzi wa reli katika mitaa yetu, hata cha watu kumi, madaftari yale yangalikuwa katika maktaba fulani leo. Na wazee kama yule hawabaki wengi. Kijana wa miaka ishirini aliyeajiriwa mwaka 1970 sasa amepita sabini. Kila mmoja anapozikwa, tunazika kitabu ambacho hakikuchapwa.

Najua wako watakaonipinga, na ni haki yao. Wa kwanza atasema, "Reli ililetwa na mkoloni, kwa nini tuisherehekee?" Jibu langu ni kwamba kupenda reli si kumpenda aliyeamuru ijengwe. Kutoka India waliletwa wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini, na takriban 2,500 walikufa. Wanandi walipigana nayo miaka mingi hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Katika mgomo mkuu wa Mombasa wa 1947 wafanyakazi wa reli walikuwamo pamoja na wale wa bandarini. Hii yote ni historia yetu. Tusipoitunza sisi, tutaisoma kwa wageni tu, ambao hata sasa baadhi yao wanazijua namba za injini zetu kutushinda.

Wa pili atasema reli ya zamani imekufa, siku hizi ni Madaraka Express. Mimi naipenda Madaraka Express pia! Tangu ilipozinduliwa Mei 2017 imefupisha safari ya Mombasa, na miongoni mwa madereva wake wa kwanza walikuwa wanawake. Wenzangu wanaocheka wasichana waitie hiyo mfukoni. Lakini reli ya mita moja haijafa. Mwaka 2020 yalinunuliwa magari ya abiria kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, kwa kuwa hata kule reli ni ya mita moja, nayo yakaletwa kubeba watu wa Nairobi. Desemba 2021 gari la Kisumu lilirudi baada ya kimya cha miaka. Mgonjwa anayepumua haandaliwi sanda.

Wa tatu, ambaye ni mzazi wangu, husema, "Hayo yataleta alama gani katika mtihani?" Kwa heshima zote, nimekwisha kutaja fizikia. Ongeza jiografia, historia, na zaidi ya yote Kiswahili. Mataruma ni vile vipande vilalavyo chini ya reli, lakini pia ni mbavu za chombo cha baharini. Behewa ni la treni, lakini kamusi inakuambia pia ni ua wa ndani wa nyumba. Ina maana wazee wetu walipoletewa chuma kigeni hawakukimbilia kukopa kila neno, bali walichukua ya jahazi na ya nyumba wakayapandisha treni. Chama cha Kiswahili kisichojali jambo hilo kinajali nini?

Kwa hivyo natoa mapendekezo yangu. Kwanza, anayependa reli katika shule hii asione haya, aandike jina lake na kunipa, Kidato cha Tatu, au amwachie mwalimu mlezi wa chama. Hata tukiwa watano tunatosha. Pili, tuziandikie barua shule jirani zilizo kando ya reli, maana wenzetu wako huko wakidhani wako peke yao. Tatu, twende Makumbusho ya Reli pamoja, tukiwa na kalamu na daftari, si kupiga picha za kujipodoa tu. Nne, na hili ndilo kubwa, kila mmoja amtafute mstaafu mmoja wa reli: dereva, gadi, fundi, mpishi wa behewa la chakula, hata aliyekuwa akipeperusha bendera stesheni. Umwamkie kwa adabu, uketi, uulize, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Mwakani gazeti hili likitoka tuwe na kurasa za wazee hao, na orodha ya maneno yao ya kazi.

Naomba pia tuwe waangalifu. Mpenzi wa reli hatembei juu ya reli wala harukii behewa linalokwenda, na kabla ya kupiga picha stesheni anaomba ruhusa. Na tukiona mtu akifungua skrubu za reli usiku tuwaarifu wakubwa. Mwaka 2022 serikali ilifikia hata kupiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa kwa ajili ya uharibifu wa aina hiyo. Chuma kilichong'olewa kinaweza kuangusha behewa zima la abiria.

Msomaji mpenzi, nafasi niliyopewa imekwisha. Jina langu mnalo, darasa langu mnalijua. Wa Makadara, wa Makongeni, wa Dandora na Mutindwa, nawe usiyependa treni lakini babu yako aliwahi kuvaa sare ya reli, njoo tuzungumze. Kidole kimoja hakivunji chawa.