Mbegu ya Chupa Yataka Malezi

Mkulima wa viazi wa Umalila au wa Kilolo ana desturi ya miaka mingi. Viazi vikubwa huenda sokoni ndani ya lumbesa, na vidogo vilivyobaki huwekwa kuwa mbegu. Hatumlaumu, maana mahitaji ya nyumbani hayangoji. Lakini mara nyingi kiazi huwa kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa. Basi kwa desturi hiyo ugonjwa ndio unaochaguliwa kuwa mbegu, msimu baada ya msimu, mpaka shamba lililokuwa likijaza magunia halirudishi hata gharama ya mbolea.

Ndiyo maana twaithamini kazi ya Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Uyole, Mbeya, ya kuzalisha miche ya viazi kwa njia ya tishu. Mtaalamu hukata ncha changa kabisa ya chipukizi, mahali ambapo virusi kwa kawaida havijafika, akaiotesha ndani ya chupa safi yenye sukari na chumvi zinazolisha mmea. Mche ukishakua hukatwa vipande, na kila kipande huwa mche mwingine baada ya wiki tatu au nne. Kwa hesabu hiyo mche mmoja huzaa maelfu kwa mwaka.

Hata hivyo, yafaa tuseme wazi jambo ambalo husahauliwa siku za sherehe na hotuba. Mche huo umesafishwa; haukupewa kinga. Ndani ya chupa haujui upepo wala jua kali. Hukaa katika joto la nyuzi 20 hivi, chini ya taa zinazowaka kama saa 16 kwa siku, na hewa yake ina unyevu tele. Majani yake yana nta kidogo mno, na vitundu vyake vya kupumulia havijajifunza kufunga. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, miche hurefuka na kupauka. Ukitolewa chupani asubuhi na kupandwa juani adhuhuri, jioni umekwisha kufa. Hapana budi uzoezwe polepole, kivulini, siku kadhaa, kabla ya kutiwa katika nyumba ya wavu isiyoingia vidukari, wadudu wanaochukua virusi kutoka mmea hadi mmea.

Wenzetu wa Zanzibar wameonja fundisho kama hili baharini. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza huko mwaka 1989 kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Wakulima wake, walio wengi wanawake, hukata vipande vya mwani ule ule na kuvifunga tena kambani, kama sisi tunavyorudia kiazi kile kile. Maji ya pwani yalipozidi joto, aina ya cottonii, yenye bei nzuri kuliko spinosum, ilipauka na kukatika mahali pengi. Mbegu changa ya maabara yaweza kuwarudishia nguvu ya mmea, lakini haitapoza bahari. Ndiyo maana wengine wamejaribu kulima katika maji ya kina kirefu zaidi.

Sisi wa Nyanda za Juu tumebahatika kuwa na baridi. Mmea wa kiazi wataka usiku wa baridi ili ujaze viazi, na huko juu, Uporoto au Kitulo, vidukari ni wachache. Hapo ndipo mahali pa kukuzia mbegu, wala si bondeni Usangu kwa kuwa tu barabara ni nzuri. Lakini baridi nayo ina hila zake: umande ukiganda mwezi wa Juni au Julai huunguza miche mabondeni, na ukungu wa masika waweza kuliteketeza shamba zima kwa siku chache. Tena mnyauko hukaa udongoni, husafiri kwa maji na kwa jembe. Mbegu safi ikitiwa katika udongo huo, mkulima aliyekopa ili ainunue hupoteza mazao na hubaki na deni. Kesho akiambiwa habari za maabara atacheka.

Twaomba, basi, halmashauri za Mbeya na Iringa zisihesabu chupa peke yake. Zijenge nyumba za wavu katika kata zenye baridi, karibu na wakulima. Maabara ipewe jenereta na mafuta yake. Mabwana shamba wapime udongo kabla mbegu haijagawiwa, na vyama vya ushirika vitenge mashamba ya mbegu ambayo hayajalimwa viazi, nyanya wala tumbaku kwa misimu kadhaa, maana mazao hayo hushirikiana mnyauko. Wafanyakazi wanaokesha na miche hiyo nao wakumbukwe katika mafungu ya fedha. Mvua za Novemba zikifika bila kazi hiyo kuanza, mkulima wa Umalila atarudi kwenye rundo lake la viazi vidogo, naye atakuwa na haki.